Sekunde Mbili Baada ya Kishindo: Msako wa Mionzi ya Gama Angani

Alhamisi ya tarehe 17 Agosti 2017, ilipotimu saa tisa na dakika 41 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, setilaiti ya Marekani iitwayo Fermi ilinasa mmweko wa mionzi ya gama uliodumu kwa muda wa sekunde mbili hivi. Taarifa ikatoka yenyewe baada ya sekunde 14, bila ya mtu kuulizwa. Hakuna aliyeshtuka. Fermi hunasa mimweko ya namna hiyo ipatayo 240 kwa mwaka, na huu ulikuwa hafifu kiasi kwamba ungeandikwa katika orodha na kusahaulika, lau si jambo moja: sekunde 1.7 kabla yake, mitambo iliyojengwa huku ardhini ilikuwa imetikiswa na wimbi la mvutano kutoka mbali kabisa.

Hadi siku hiyo wanadamu walikuwa hawajapata kuliona na kulisikia tukio moja la mbinguni kwa njia hizo mbili kwa pamoja. Tumeona vyema habari hii iwe katika kurasa za familia, kwa kuwa inagusa pete iliyomo kidoleni mwa bibi harusi, na kwa kuwa pwani yetu ya Afrika Mashariki imo ndani ya simulizi hii tangu mwanzo wake, ingawa watoto wetu wachache mno wameelezwa hivyo.

Tuanze na mionzi yenyewe. Mionzi ya gama ni nuru, jamaa moja na nuru ya jua na mawimbi ya redio, ila ina nguvu kupita zote. Jicho haliioni. Angahewa yetu huizuia isitufikie, na hiyo ni salama ya kila kiumbe hai. Lakini mtafiti anayetaka kuiona hana budi kupeleka chombo juu ya hewa. Kugunduliwa kwa milipuko yake kulitokana na hofu ya vita. Katika miaka ya 1960 Marekani ilirusha setilaiti zilizoitwa Vela ili zichunge kama kuna taifa linalojaribu mabomu ya nyuklia kwa siri angani, kinyume cha mkataba wa mwaka 1963. Tarehe 2 Julai 1967 zikanasa mmweko usiofanana na wa bomu lolote. Mingine ikafuata. Ilipofika mwaka 1973 wataalamu wa Los Alamos walitangaza milipuko 16, wakiwa na hakika ya jambo moja tu, kwamba haikutoka duniani wala kwenye jua.

Msomaji aliyewahi kufika Ngomeni, kaskazini ya Malindi, bila shaka ameyaona majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini. Hayo ni majukwaa ya San Marco, yaliyowekwa na Wataliano chini ya uongozi wa profesa Luigi Broglio, kwa kuwa chombo kinachorushwa karibu na ikweta hupata msaada mkubwa wa mzunguko wa dunia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, kilirushwa kutoka hapo chombo cha Marekani cha kuchunguza mionzi ya eksirei ya anga za juu, cha kwanza duniani kutengwa kwa kazi hiyo peke yake. Kwa kuishukuru nchi mwenyeji, kikaitwa Uhuru. Hivyo, katika vitabu vya fani hii, kwa lugha zote, neno letu la Kiswahili limebaki mpaka leo. Mnamo Novemba 1972 kikafuata kutoka jukwaani humo chombo kingine, SAS-2, na hicho kilikuwa cha mionzi ya gama hasa. Kilifanya kazi miezi michache tu kabla ya umeme wake kuharibika, lakini kiliacha picha ya anga iliyotegemewa kwa miaka.

Majukwaa yalirusha chombo cha mwisho mwaka 1988. Kituo cha nchi kavu hakikufungwa. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004 kuwinda milipuko ya gama, imekuwa ikiteremsha data zake Malindi. Vivyo hivyo AGILE ya Wataliano, iliyorushwa kutoka India mwaka 2007 katika njia inayofuata ikweta, ikapita juu ya pwani hiyo katika kila mzunguko hadi ilipomalizika Februari 2024. Mvuvi wa Ngomeni anapotandaza nyavu zake, juu ya kichwa chake zimekuwa zikipita habari za nyota zilizokufa kabla ya binadamu kuwapo.

Sasa tuje kwenye mawimbi ya mvutano. Mashua iliyofungwa gatini huyumba kwa sababu ya meli iliyopita mbali, hata kama nahodha wa mashua hakuiona meli yenyewe. Albert Einstein aliandika mwaka 1916 kwamba vitu vizito vinapozungukana hutikisa anga na wakati vyenyewe, na mtikisiko huo husafiri kwa mwendo wa nuru. Tatizo ni udogo wake. Mitambo ya LIGO, mmoja Hanford katika jimbo la Washington na mwingine Livingston katika Louisiana, ina mikono miwili kila mmoja, yenye urefu wa kilomita 4, na ndani yake hupita mwale wa leza unaopima kama mkono mmoja umerefuka kuliko mwenzake. Badiliko linalotafutwa ni dogo mamia ya mara kuliko protoni moja. Lori linalopita barabarani, upepo, hata bahari ya mbali, vyote huitikisa mitambo hiyo. Tarehe 14 Septemba 2015 ikasikia kwa mara ya kwanza: mashimo meusi mawili, moja lenye uzito wa jua zetu 36 na jingine 29, yameungana. Mwaka 2017 Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne wakapewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo.

Kwa nini basi watafute mionzi ya gama pembeni ya wimbi? Wimbi hueleza uzito wa vitu vilivyogongana na umbali wake, lakini halisemi vizuri limetoka upande gani, wala halielezi kilichorushwa nje katika mgongano. Mionzi ya gama huleta habari ya maada iliyopasuka, na saa yake hasa. Kwa miaka mingi wananadharia walishikilia kuwa milipuko mifupi ya gama, ile isiyozidi sekunde mbili, hutokana na nyota mbili za nyutroni kugongana. Nyota ya nyutroni ni mabaki ya nyota kubwa iliyokufa: uzito unaozidi wa jua letu umebanwa katika tufe la upana wa kilomita 20 hivi, umbali ambao mtu mwenye afya huumaliza kwa miguu asubuhi moja. Kijiko kimoja cha chai cha maada hiyo kingekuwa na uzito wa zaidi ya tani bilioni moja. Dhana ilikuwa nzuri, na dalili zake hazikuwa chache. Shahidi ndiye aliyekosekana.

Wasomaji wetu, waliozoea mijadala ya kila mwaka ya mwandamo wa mwezi, hawahitaji kuelezwa uzito wa shahidi wa pili. Lakini ushahidi nao una masharti, na hapa ndipo kazi hii ilipo ngumu kuliko inavyosimuliwa. Vipokezi vya setilaiti havikai kimya hata sekunde moja. Chembe zenye chaji huvipiga, jua hurusha miale yake, na hata radi za duniani, zikiwemo zile za bonde la Kongo ambako ngurumo hazipumziki, hutoa mimweko midogo ya gama inayoonekana kutoka juu. Ukipewa saa ya wimbi la mvutano kisha ukapekua data za siku nzima, hutakosa kupata kitu cha kukupendeza. Kwa sababu hiyo watafiti wa Fermi walijifunga mapema: wangepekua sekunde 30 kabla ya wimbi na sekunde 30 baada yake, na kuhesabu ni mara ngapi bahati tupu ingeweza kuleta kitu kama watakachokiona.

Kanuni hiyo ilijaribiwa mara moja. Katika tukio lile la mashimo meusi la 2015, Fermi ilikuta mmweko hafifu uliokuja sekunde 0.4 baada ya wimbi na kudumu sekunde moja hivi. Hesabu zilionyesha kuwa bahati tupu ingeweza kuuleta mara 22 katika 10,000. Kwa masikio ya mtu wa kawaida hiyo ni karibu na hakika. Lakini mashimo meusi mawili yanayoungana hayatarajiwi kuwa na maada ya kuwaka, na, jambo zito zaidi, chombo cha Ulaya kiitwacho INTEGRAL kilikuwa kikitazama wakati huohuo na hakikuona kitu. Mwaka 2016 watafiti wengine wakazipima upya data zilezile za Fermi na kusema wanaona kelele za kawaida tu. Timu ya kwanza ikajibu. Mjadala ule haukufungwa kwa hukumu. Uliachwa wazi, na matukio mengi ya mashimo meusi yaliyofuata hayakuleta mmweko uliothibitishwa. Sisi tunauhesabu ugomvi ule wa heshima kuwa sehemu bora ya habari hii yote, ingawa haukupata nafasi katika kurasa za mbele za magazeti ya dunia.

Turudi sasa kwenye ile alasiri ya 2017. Dakika sita hivi baada ya mmweko wa Fermi, programu ya kompyuta iligundua kuwa mtambo wa Hanford ulikuwa na wimbi lililokwisha sekunde mbili kabla ya mmweko. Livingston je? Kimya. Sababu ikajulikana haraka: kelele kubwa ya mtambo wenyewe ilitokea Livingston takriban sekunde moja kabla ya mgongano, na kompyuta, kwa uangalifu wake, ikaitupa sehemu hiyo yote. Watu walipofungua mchoro kwa macho yao wakaliona wimbi limepita wazi, likipanda kama mluzi kwa muda wa sekunde 100 hivi, na kelele ile imekaa juu yake kama doa la wino juu ya mstari wa maandishi. Tahadhari kwa wanaanga wa dunia nzima ilitoka baada ya dakika 40.

Msaada mkubwa ulitoka kwa aliyenyamaza. Mtambo wa tatu, Virgo, ulio karibu na Pisa nchini Italia, ulikuwa umejiunga na msako tarehe 1 Agosti, na msako wote ulipangwa kufungwa tarehe 25. Virgo karibu haukusikia kitu, na kwa kuwa ulikuwa mzima na macho, maana yake ilikuwa moja: kilichotokea kilikuwa katika upande ambao Virgo hausikii vizuri. Anga la kupekua likapungua mno. Fermi peke yake ilikuwa imeonyesha eneo la nyuzi mraba 1,100, sawa na kupanga miezi mpevu zaidi ya 5,000 ubavu kwa ubavu. Mitambo mitatu ikalibana hadi nyuzi mraba 30 hivi, na yote yakiwa ndani ya eneo la Fermi. INTEGRAL, yule shahidi aliyekanusha mwaka 2015, safari hii akasema: nami nimeuona. Kwamba aliyekanusha jana ndiye aliyethibitisha leo, hilo kwetu lina thamani kuliko mitambo mipya kumi.

Wengine hawakuwa na bahati. Darubini kubwa ya Fermi yenyewe, iliyo juu ya chombo hichohicho, ilikuwa imezimwa kwa kuwa chombo kilikuwa kikipita juu ya Atlantiki ya Kusini, mahali penye chembe nyingi za kuharibu vipokezi. Swift na AGILE, wateja wa Malindi, dunia ilikuwa imewazibia. AGILE ilipata kulitazama eneo lile robo saa baadaye, na Swift ilipofika iliona mwanga wa urujuanimno ukiwaka na kufifia upesi.

Wa kwanza kuelekeza mtambo wa ardhini mahali penyewe walikuwa Afrika. Darubini za H.E.S.S. nchini Namibia, ambazo hunasa mionzi ya gama kwa kutazama cheche za samawati inazozusha ndani ya hewa, zilikuwa zikitazama pale saa tano na robo hivi baada ya mgongano. Hazikuona mionzi ya nguvu za juu, na kutoona huko kukaandikwa kama matokeo. Kisha usiku ukafika Chile. Eneo lililotafutwa lilikuwa linazama muda mfupi baada ya magharibi, kwa hiyo timu ya darubini ndogo ya Swope, yenye kioo cha mita moja, iliandaa orodha ya galaksi na kuzipiga picha moja baada ya nyingine. Katika picha ya tisa, saa 10.9 baada ya mgongano, palikuwa na nukta mpya pembeni ya galaksi NGC 4993. Timu nyingine tano zikaiona ndani ya saa moja. Galaksi hiyo imo katika kundi la nyota la Hydra, ambalo nyota yake angavu zaidi bado inabeba jina la Kiarabu, Alphard, yaani ya pekee.

Umbali wake ni miaka nuru milioni 130. Tafadhali tusimame hapo kidogo, kwa kuwa mtoto akiuliza mezani faida ya hesabu ni ipi, hili ni jibu. Wimbi na nuru viliondoka pamoja zama za majitu ya kale yaliyokuwa yakitambaa duniani, vikasafiri sekunde zipatazo bilioni nne mara milioni moja, vikafika vikiwa vimepishana sekunde 1.7. Na hata sekunde hizo huenda hazikupotea njiani, maana mmweko ulihitaji muda wa kupenya maada iliyozunguka nyota zilizogongana. Kwa kipimo kimoja cha alasiri moja ikathibitika kuwa mvutano husafiri kwa mwendo wa nuru, pasipo tofauti inayozidi sehemu chache katika milioni bilioni. Nadharia kadhaa zilizoandikwa kwa juhudi ya miaka kueleza upanukaji wa ulimwengu, zilizotaka mvutano uende kwa mwendo mwingine, zikafa siku hiyo. Waandishi wake wengi walilikubali hilo kwa maandishi, bila kinyongo.

Mmweko wenyewe ulikuwa dhaifu angalau mara mia moja kuliko milipuko mifupi ya kawaida, ingawa ulitokea karibu kuliko yote iliyopimwa umbali. Ufafanuzi ulikuja taratibu. Mionzi ya eksirei ilionekana siku ya tisa, na mawimbi ya redio siku ya 16, jambo lililoonyesha kwamba mkondo wa maada ulirushwa kwa kasi kubwa kuelekea upande mwingine, nasi tuliutazama kwa pembeni, kama mtu anayeona mwanga wa kurunzi iliyoelekezwa kwa jirani.

Habari iliyopendwa na wengi ilikuwa ya dhahabu. Nuru ile ilibadilika kutoka samawati hadi nyekundu kwa siku chache, kama ilivyotabiriwa kwa wingu la elementi nzito zilizozaliwa muda huo: dhahabu, platinamu, urani. Makadirio ya baadhi ya wataalamu yalikuwa dhahabu yenye uzito unaozidi wa dunia yetu mara kadhaa. Elementi iliyotambuliwa waziwazi katika nuru hiyo, mwaka 2019, ilikuwa strontiamu. Ni haki kuitaja, ijapokuwa haivaliwi.

Ungedhani baada ya hapo habari zingemiminika. Tarehe 25 Aprili 2019 zikasikika tena nyota mbili za nyutroni, safari hii kwa umbali wa miaka nuru milioni 520 hivi. Hanford ulikuwa umezimwa wakati huo, na eneo lililobaki la kupekua lilikuwa karibu moja ya tano ya anga lote. Hakuna mmweko uliothibitishwa wala nukta iliyopatikana. Tangu hapo mawimbi ya mashimo meusi yamesikika kwa mamia, lakini ndoa ile ya wimbi na mionzi ya gama haijarudiwa kwa ushahidi usio na shaka. Na walinzi wanazeeka. INTEGRAL ilifunga uchunguzi wake Februari 2025 baada ya zaidi ya miaka 22. Swift inavutwa chini polepole na hewa nyembamba iliyo juu. Fermi ina umri wa kijana aliyemaliza sekondari. Mitambo ya kusikiliza inaboreshwa kwa fedha nyingi wakati macho ya kutazama yanafumba moja baada ya jingine, na sisi hatuoni busara katika mpangilio huo.

Tayari gharama yake imeonekana. Desemba 2021 Fermi na Swift zilinasa mlipuko ulioacha nyuma nuru ya kuzaliwa kwa elementi nzito, ilhali ulidumu karibu dakika nzima, kinyume cha yote yaliyofundishwa kuhusu milipuko mifupi. Tarehe 7 Machi 2023 ukaja mwingine wa aina hiyo, wa pili kwa ukali miongoni mwa yote iliyowahi kurekodiwa, na darubini ya James Webb ikaona ndani ya mabaki yake dalili za telurimu. Ilitokea mbali, na huenda wimbi lake lisingesikika. Katika tarehe zote mbili mitambo ya LIGO ilikuwa haijarudi kwenye msako, imo katika matengenezo. Ilianza tena kusikiliza tarehe 24 Mei 2023, wiki 11 baada ya mlipuko ule wa pili kupita.